Hesabu Aina Kabla ya Kasi: Kuchagua Mashine ya Kupachika Vijenzi kwa Karakana Ndogo



Wenye karakana ndogo za kielektroniki huniuliza swali moja kila tukikutana: ninunue mashine gani ya kupachika vijenzi kwenye bodi, isiyonifilisi? Anayeuliza huwa ameshaangalia video za kutosha kwenye simu, na macho yamemganda kwenye namba moja, ile ya vijenzi kwa saa. Muuzaji wa kwanza ameandika 4,000, wa pili 6,000, wa tatu 9,000, na bei zinapanda zikiifuata namba hiyo. Jioni ya leo nitajaribu kuwashawishi kwamba hiyo ni namba ya kuangaliwa mwisho. Ya kutangulia haimo kwenye tangazo lolote, maana inatoka kwenye bodi yako mwenyewe: bodi hiyo ina aina ngapi za vijenzi? Rezista 20 za kilo-omu 10 ni aina moja. Rezista mbili zenye thamani tofauti ni aina mbili.

Nazungumza na karakana inayotoa bodi kumi, hamsini, pengine mia mbili kwa mkupuo: vidhibiti vya chaji ya sola, taima za pampu, vifaa vya kufuatilia pikipiki, mita za maji. Mwenye kiwanda cha bodi elfu kumi kwa mwezi anafuatwa na wauzaji ofisini kwake; huyo hanihitaji.

Kwa wanafunzi ambao hawajaigusa kazi hii, nieleze kwa ufupi. Bodi tupu hupakwa pesti ya lehemu kupitia stensili, yaani bamba jembamba la chuma cha pua, unene wa milimita 0.1 au 0.12, lililotobolewa mahali pa kila pedi. Kisha vijenzi huwekwa juu ya pesti ikiwa bado mbichi. Mwisho bodi huingia kwenye oveni hadi pesti iyeyuke: nyuzi 183 za Selsiasi kwa ule mchanganyiko wa zamani wa bati na risasi, takriban nyuzi 217 kwa lehemu isiyo na risasi. Mashine tunayoizungumzia inafanya hatua ya katikati tu. Inashusha nozeli, inanyonya kijenzi kwa hewa, inakipeleka juu ya bodi, inakizungusha kikae sawa, inakiachia.

Vijenzi vyenyewe ni vidogo. Rezista ya 0805 ina urefu wa milimita 2 kwa upana wa 1.25. Ya 0603 ni 1.6 kwa 0.8. Ya 0402 ni milimita 1 kwa nusu milimita. Hapa pana mtego ambao umeshawagharimu watu: namba hizo ni za inchi, lakini baadhi ya katalogi, hasa za Japani, huandika kwa milimita, na 0402 ya milimita ni chembe ya 0.4 kwa 0.2 ambayo hata kuiona ni kazi. Tangazo likidai mashine inapachika 0402, uliza ni ya inchi au ya milimita. Na kwa ushauri wangu, karakana ndogo ibaki kwenye 0603 isipokuwa nafasi imebana kweli. Unaokoa macho, unaokoa muda, na bodi ikiharibika fundi wa mtaani anaweza kuitengeneza.

Sasa tufanye hesabu. Bodi ninayoipitisha mkono kwa mkono, tafadhali ishikeni pembeni, ni kidhibiti kidogo cha chaji ya sola. Ina vijenzi 58 vya kupachika juu, vya aina 23. Tuseme tunataka bodi 60. Hiyo ni mipachiko 3,480. Fundi mzoefu mwenye kibano na darubini ya mezani, akiwa hajachoka, anaweka kama 450 kwa saa. Atamaliza kwa saa 7 na dakika 44, na shingo itamuuma. Mashine iliyotangazwa kuwa ya 4,000 kwa saa, ukiwasha kamera zake na kuhesabu safari za kwenda na kurudi, tuipe 1,400. Itamaliza kwa saa 2 na nusu. Mpaka hapo mambo ni mazuri.

Lakini mashine haianzi kupachika mpaka iwe imelishwa. Kila aina ina roli lake la utepe, na kila utepe lazima upitishwe kwenye fida, yaani kifaa cha kuilisha mashine, mfuniko wake wa plastiki ubanduliwe na kufungwa kwenye kivutio, kisha uiambie mashine kijenzi cha kwanza kiko wapi. Fundi anayeijua mashine yake hutumia dakika 6 kwa utepe mmoja. Aina 23 ni saa 2 na dakika 18. Jumla ya kazi inakuwa karibu saa 4 na dakika 50, na nusu yake nozeli haijagusa chochote.

Mkinunua mashine yenye kasi maradufu, ile saa 2 na nusu inakuwa saa 1 na robo, na kazi nzima inakwisha kwa saa 3 na dakika 33. Mkibaki na mashine ileile ya polepole lakini yenye fida za kutosha, tepe 18 za kila siku zikae humo moja kwa moja na mbadilishe 5 tu, kazi inakwisha kwa saa 3 kasoro dakika moja. Ya polepole imeshinda. Ukitaka kuona zaidi, punguza bodi ziwe 10. Kwa mkono ni saa 1 na dakika 17. Kwa mashine inayolishwa upya aina zote 23 ni saa 2 na dakika 43. Fundi mwenye kibano ameipita mashine ya maelfu ya dola, na bado amepata nafasi ya kunywa chai. Lakini mashine ileile yenye tepe 18 zinazokaa ndani inamaliza bodi hizo 10 kwa dakika 55.

Fundi cherehani anaielewa hesabu hii bila kalamu: kasi ya sindano haimsaidii mtu anayebadilisha uzi kila baada ya mshono mmoja.

Wakubwa nao wanaielewa. Kampuni ya JLCPCB ya Shenzhen, inayotengeneza na kupachika bodi za watu wa dunia nzima, huviweka vijenzi vyake katika makundi mawili. Vya msingi vinakaa kwenye mashine wakati wote, na mteja kwa kawaida hatozwi ada ya kuvipakia. Vingine vingi hutozwa ada kwa kila aina, kwa miaka mingi dola 3, uwe unataka kijenzi kimoja au mia. Gharama ya kupachika rezista yenyewe ni sehemu ndogo ya senti. Kinacholipiwa ni mtu wa kwenda ghalani, kulichukua roli na kulifunga kwenye mashine. Kama mtambo wa ukubwa ule unahesabu aina, sisi wa karakana ya chumba kimoja tunahesabu nini?

Kwa hiyo mashine ya bei nafuu huanza kuchaguliwa kwenye meza ya kuchora saketi. Chukueni orodha ya vijenzi vya bodi zenu zote, muitandaze, na muwe wakatili. Kwa nini bodi hii ina rezista za kuvuta juu za kilo-omu 4.7 na ile ina za 10, wakati zote zingefanya kazi na 10? Kwa nini kuna kapasita za nanofaradi 100 za volti 16, 25 na 50, wakati ya 50 ingetosha kote? Mnapohitaji kilo-omu 5 mahali pamoja, wekeni mbili za 10 sambamba. Mmeongeza kijenzi lakini mmeondoa aina, na mmepata faida. Nimeona bodi za aina 30 zikishuka hadi 20 kwa jioni moja ya kubishana, bila kipimo hata kimoja cha utendaji kubadilika. Aina 10 zilizofutwa ni fida 10 ambazo hamtazinunua.

Sasa fida zenyewe. Hapa nitakaa, maana ndipo mashine za bei nafuu zinapotofautiana, na ndipo wauzaji wanapopita haraka.

Utepe wa kawaida wa rezista una upana wa milimita 8. Ubavuni una matundu ya mviringo ya milimita 1.5, yakifuatana kila baada ya milimita 4, na kijenzi cha 0603 kinakaa kimoja kwa kila tundu. Kazi ya fida ni kuusogeza utepe huo milimita 4 kamili, kuubandua mfuniko kwa kipimo hichohicho, na kukiacha kijenzi wazi kikiwa kimetulia chini ya nozeli.

Fida ya bei ya chini kabisa ni ya kuvuta kwa sindano, na ndiyo iliyo kwenye mashine ndogo za mezani kama CHM-T36VA ya CharmHigh. Tepe zimepangwa ubavuni mwa mashine kwenye mifereji. Kichwa cha mashine chenyewe kinashusha sindano ndani ya tundu la utepe, kinauvuta hatua moja, kinainua sindano, kisha kinarudi kunyonya. Mfuniko unavutwa na gurudumu la nyuma. Ukiitazama kwa karibu utaona ubora na ugonjwa wake kwa pamoja. Ubora ni kwamba hakuna mota kwenye kila fida, hivyo nafasi zaidi ya ishirini zinakuja ndani ya bei ya mashine. Ugonjwa ni kwamba kila kitu kinategemea mvutano. Mfuniko ukivutwa kwa nguvu mno, utepe unasogea peke yake na sindano inakuta karatasi ngumu badala ya tundu. Inapinda au inatoboa. Ukivutwa kidogo mno, mfuniko unalala juu ya kijenzi na nozeli inanyonya plastiki. Mfuniko ukibanduka kwa kushtuka, kijenzi kinaruka na kusimama kwa ubavu ndani ya kishimo chake, au kinaondoka kimeng'ang'ania mfuniko kwa umeme tuli. Kwenye 0402, ambayo vishimo vyake vimekaribiana kwa milimita 2, mvuto mmoja unafunua vijenzi viwili, na cha pili kinasubiri zamu yake kikiwa wazi huku mashine nzima ikitikisika. Huku pwani kwetu, utepe wa karatasi uliokaa wiki nzima kwenye hewa yenye unyevu huvimba kidogo na kukibana kijenzi.

Kosa la asilimia moja linaonekana dogo kwenye karatasi. Kwenye mipachiko 3,480 ni mara 35 mashine inasimama na kumwita mtu. Ndiyo maana ile 4,000 nimeishusha hadi 1,400 bila huruma.

Ngazi ya juu yake ni fida za hewa zilizoigwa kutoka Yamaha za mfululizo wa CL. Ni za chuma, kila moja inajitegemea, inaingia na kutoka kwenye reli kama droo, na inasogeza utepe kwa kisukumio cha hewa. Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kuipakia ukiwa umekaa mezani na chai yako, mashine ikiendelea na bodi nyingine. Baadhi ya mashine kubwa kidogo za CharmHigh na za Qihe zinazitumia. Zinahitaji kompresa, na kompresa inahitaji kichujio cha maji, hasa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ambako hewa yenyewe ni nusu bahari. Kisha zinanunuliwa moja moja. Bei ya fida moja haitishi. Zidisha kwa 25 ndipo uone. Mara nyingi mtu ananunua mashine kwa akiba yake yote, anabaki na fida 8, na kila kazi anafungua na kufunga kama mwenye mashine ya sindano.

Ngazi nyingine ni fida za umeme, zenye mota ndogo ndani. NeoDen ya Hangzhou inazitumia kwenye NeoDen 4, mashine ya mezani yenye vichwa vinne. Hazihitaji kompresa, na huo ni utulivu mkubwa kwa karakana iliyo ndani ya nyumba ya kupanga.

Na ipo njia ya maskini ambayo siidharau: kukata vipande vya utepe, kuvibandika mezani, kubandua mfuniko kwa mkono, na kuiachia mashine ichukue kijenzi kimoja kimoja ikifuata matundu. Utepe wa 0603 wenye urefu wa sentimita 10 una vijenzi 25. Kwa bodi tano za majaribio hiyo inatosha kabisa, na haikupotezei kile kipande cha mwanzo ambacho fida hukila kabla ya kushika.

Kuhusu kichwa na kamera nitapita haraka, kwa kuwa soko limeshaliamua jambo hili. Msinunue mashine isiyo na kamera mbili. Moja hutazama chini na kutafuta alama za mwongozo za bodi, zile duara za shaba za milimita moja ambazo wachoraji wengi wa kwetu wanasahau kuziweka. Nyingine hutazama juu na kukagua kijenzi kikiwa kwenye nozeli, ijue kimekaa pembe gani. Bila hiyo ya pili, rezista zitakubali, kwa sababu lehemu ikiyeyuka huzivuta zenyewe zikae katikati. Aisii (IC) yenye miguu inayopishana nusu milimita haitakusamehe. Nozeli ziwe za mfumo ulioigwa na wengi, wa Juki au wa Samsung, ili ya akiba ipatikane kwa muuzaji yeyote. Vichwa viwili vinatosha. Na pimeni kijenzi chenu kikubwa kabisa kabla hamjalipa: moduli ya ESP32-WROOM-32 ina milimita 18 kwa 25.5 na kimo cha zaidi ya milimita 3, na kuna mashine ambazo kamera yake inayotazama juu haiwezi kuiona yote kwa mara moja.

Kwa fedha ya karakana ndogo, njia zilizo wazi ni tatu.

Ya kwanza ni mashine za wazi, ambazo michoro yake imewekwa hadharani. Mfini Juha Kuusama alitengeneza LitePlacer, yenye kichwa kimoja na tepe za kubandika mezani. Mmarekani Stephen Hawes, kupitia kampuni yake ya Opulo, anauza LumenPnP, yenye vichwa viwili, fremu ya alumini na sehemu nyingi zilizochapwa kwa printa ya 3D. Nyuma yake kuna OpenPnP, programu ya bure iliyoanzishwa na Jason von Nieda, inayoendesha mashine za kila aina. Sehemu ikivunjika unachapa nyingine usiku huohuo. Naipenda njia hii kwa vyuo na kwa karakana yenye mtu anayefurahia kuirekebisha mashine kuliko kuitumia. Na mtu huyo awepo kweli, kwa sababu OpenPnP haina haraka na wewe; inataka kupimwa, kupangwa, kupimwa tena.

Ya pili ni hizo za mezani za China nilizozitaja, kati ya takriban dola 3,000 na 10,000 kabla ya usafiri. Zinatumia plagi ya kawaida na wati chache kuliko pasi ya nguo. Udhaifu wake ni programu, ambayo mara nyingi imetafsiriwa kutoka Kichina na mtu aliyekuwa na haraka. Ya CharmHigh ina nafuu moja: wapenzi wa OpenPnP waliiandikia programu mbadala ya bodi ya udhibiti, hivyo ukiichoka ya kiwandani una pa kukimbilia. Kwa karakana nyingi za hapa, njia hii ndiyo ningeichagua, na ningechukua yenye nafasi nyingi za tepe kuliko yenye kasi.

Ya tatu ni mashine kuukuu za viwandani: Juki, Samsung, Quad, Mydata ya Sweden. Hizi zilinunuliwa mpya kwa bei ya nyumba na sasa zinatupwa kwa bei ya gari kuukuu. Ni imara kuliko chochote nilichokitaja, na fida zake hazikosei kirahisi. Lakini nyingi zina uzito unaozidi tani moja, zinataka umeme wa fezi tatu na hewa ya kompresa muda wote, na ubongo wake ni kompyuta ya miaka ya tisini yenye flopi. Hata mwenye jina amebadilika: kitengo cha Samsung kilichokuwa kikizitengeneza kilikwenda Hanwha mwaka 2015. Mwenye sakafu ya zege, fezi tatu na fundi wa umeme wa viwandani aifikirie. Mwenye chumba cha ghorofa ya pili asiitazame hata picha.

Kuna jambo la programu ambalo linaua bodi nyingi za kwanza. KiCad, programu ya kuchora bodi ambayo wengi wenu mnaitumia, inatoa faili la nafasi: jina la kijenzi, thamani, umbo, X, Y, mzunguko na upande. Safu ya mzunguko ndiyo yenye sumu. Mchoraji wa umbo la dayodi aliamua nyuzi sifuri zinaelekea wapi. Aliyeipakia dayodi kwenye utepe aliamua vingine. Mashine ina maoni yake ya tatu. Hata kiwango cha IPC-7351 kina mikabala miwili, mmoja ukiweka mguu wa kwanza wa aisii juu kushoto na mwingine chini kushoto. Rezista haijali ikigeuzwa. Dayodi na aisii zinajali, na mashine itazigeuza vibaya zote 60 kwa uaminifu mkubwa. Dawa ni rahisi: bodi ya kwanza msiipake pesti. Ibandikeni selotepu yenye gundi pande mbili, iacheni mashine ipachike juu yake, kisha mkae na mchoro na lenzi mkague kila chenye mguu wa kwanza. Marekebisho yahifadhiwe kwenye maktaba yenu, yasirudiwe kila kazi.

Bajeti nayo isiishie kwenye mashine. Bila stensili nzuri na fremu ya kuishikilia, mashine itaweka vijenzi kwa usahihi juu ya pesti iliyopakazwa ovyo. Bila oveni yenye joto lililo sawa pembe zote, bodi itatoka katikati imeungua na pembeni mbichi. Ziogopeni oveni ndogo za droo zinazouzwa kwa bei ya kutupa mpaka mmeipima moja kwa vipimajoto vyenu wenyewe. Pesti inakaa kwenye jokofu, nyuzi 0 hadi 10, na kopo likitolewa liachwe limefungwa kama saa 4 lifikie joto la chumba. Ukilifungua likiwa baridi, unyevu wa hewa unatua ndani, na ndani ya oveni maji hayo yanalipuka yakirusha vishanga vya lehemu katikati ya miguu ya aisii. Na wekeni UPS. Umeme ukikatika sekunde moja tu, mashine hizi za mezani zinasahau kichwa kiko wapi, na bodi iliyokuwa nusu inabaki mikononi mwenu huku pesti ikikauka.

Je, kuna haja ya kununua kabisa? Kama mnatoa bodi 100 kwa mwaka, hapana. Pelekeni Shenzhen, au kwa majirani: Nairobi ipo Gearbox Europlacer inayopachika bodi kwa mashine kubwa za kiwandani. Mashine inaanza kuwa na maana pale mnapobadilisha bodi mara kwa mara na hamwezi kusubiri mzigo kila toleo, au pale mnapotoa bodi chache chache za bidhaa nyingi zinazotumia vijenzi vilevile. Forodha nayo ina neno. Katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, malighafi na mitambo ya uzalishaji kwa kawaida huwa kwenye asilimia 0, bidhaa zinazosubiri kumaliziwa 10, na zilizokamilika 25, ambapo tangu 2022 baadhi zimepanda hadi 35. Juu yake ipo VAT, asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, 16 Kenya. Kifaa kilichokamilika kinabeba mzigo tofauti na roli la rezista. Kaeni na wakala wa forodha kabla ya kuagiza, mumpe maelezo ya mashine kwa maandishi, maana ikiingizwa chini ya namba isiyo yake utalipia meli na utalipia bandari.

Kabla ya kumlipa muuzaji, mpelekeeni bodi yenu tupu pamoja na kipande cha utepe wa kijenzi chenu kidogo kabisa na aisii yenu ngumu kabisa. Mwombeni video ya bodi hiyo ikipachikwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukatwa na bila kuongezwa kasi. Mkiitazama, acheni kichwa kinachokimbia. Tazameni fida. Hesabuni mara ngapi nozeli inarudi kwenye utepe uleule kwa kijenzi kilekile, na mara ngapi mkono wa mtu unaingia kwenye picha. Muuzaji akikataa kutuma video hiyo, naye amejibu.

Na kwenye agizo hilohilo ongezeni nozeli tatu za kila saizi mnayoitumia, sindano za kuvutia utepe, mikanda ya mihimili yote miwili, vichujio vya pampu ya hewa, na springi za kibandulio. Vyote vinaingia kwenye kisanduku kidogo ndani ya kreti ya mashine na haviongezi senti ya nauli. Vikiagizwa baadaye kimoja kimoja, sindano moja iliyopinda inaisimamisha karakana mpaka kifurushi kifike.